Darasa halina wachezaji wa akiba

Kila matokeo ya form six yakitoka kuna vijana wa hapa Tanga wananitafuta, wengine wanapiga simu wengine wanakuja kabisa mpaka nyumbani, na swali ni lile lile, dada nimeambiwa wewe umesomea michezo chuo kikuu, hivi kule mnasoma nini hasa, afu ukimaliza unakuwa nani, kocha au mwalimu? Nimejibu kwa kifupi mara nyingi sana, leo nataka nijibu kwa kirefu maana hii kozi naipenda na naona haieleweki, tena haieleweki hata kwa watu walioko ndani ya shule zenyewe.

Mi ni mtu wa Ngamiani, nimekulia kwenye barabara zetu za namba, mtaa ambao kila nyumba ina upande wake, hawa Coastal Union hawa African Sports, timu zetu mbili za mpira, na mpaka leo wazee wakikaa barazani wanakusimulia ubingwa wa Coastal wa 1988 na kikosi wanakutajia mmoja mmoja bila kukwama. Mtu akikulia hapo mpira anao tayari, hahitaji chuo kikuu kumwambia nani alipaswa kutoka dakika ya sitini. Kwa hiyo nilipopata nafasi Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi ya ualimu wa michezo na sayansi ya michezo, wenyewe tunaiita PESS, mtaani waliona naenda kusomea kitu ambacho kila mtu anakijua. Mama yangu mwenyewe aliniuliza taratibu tu jikoni, mwanangu, na huko darasani mtakuwa mnakaa au mtakuwa mnakimbia?

Tunakaa mama, tunakaa sana. Wiki za mwanzo mtu amekuja na njumu mpya kwenye begi anakutana na mifupa. Anatomia, majina ya misuli, inaanzia wapi inashikia wapi inafanya kazi gani. Fiziolojia ya mazoezi, yani moyo na mapafu na misuli vinafanyaje mtu akikimbia na vinabadilikaje akifanya mazoezi miezi kadhaa. Biomekaniki, ambayo ni fizikia ya mwili na ndo iliyowapa watu wengi sapu (mtihani wa kurudia), pembe na nguvu na kasi, kwa nini anayerusha tufe anaanzia mgongo na nyonga na sio mkono. Saikolojia ya michezo. Historia ya michezo. Namna mtu anavyojifunza stadi, hili ni somo peke yake na nitalirudia. Halafu kuna upande wa ualimu wenyewe, mtaala, maandalio ya somo, upimaji, saikolojia ya elimu, na kuna prakti za uwanjani za riadha, wavu, kikapu, mikono, pete, mpira wa miguu, sarakasi za sakafuni, kila mchezo unaucheza na unaufundisha. Wengi tunabeba na somo jingine la kufundishia, mi langu ni Bayolojia, na nashukuru maana vinabebana.

Nitoe mfano ili uone tofauti ya kusikia habari za michezo na kusomea michezo. Kila mtoto wa Tanzania amesimuliwa John Stephen Akhwari kwenye paredi, Mexico 1968, marathoni, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani mshindi ameshamaliza zaidi ya saa nzima. Tunasimuliwa ili tuwe wavumilivu na ni sawa kabisa. Ila chuoni tulisimuliwa tena kwa jicho jingine. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, misuli inachoka mapema, na Akhwari alianza kukamatwa na misuli njiani kabla ya purukushani iliyomwangusha akaumia goti. Mhadhiri akatuuliza, kama wewe ndo mwalimu wake ungemwandaaje, ungempeleka kule wiki ngapi kabla, mazoezi yake ungeyapunguza vipi siku za mwanzo, maji je? Tulibishana kipindi kizima. Sikuwahi kufikiria kwamba heshima yetu kwa yule mzee inaweza ikawa na upande huo pia, kwamba ukimheshimu mwanariadha basi unaujua mwili wake na unamwandaa.

Kuna na lile jaribio la mlio, mtanisamehe wale mnaolichukia. Mita 20, unakimbia kwenda na kurudi, spika inalia tii, mwanzo ni mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa hata mtu wa kawaida anaenda anaongea, ila karibu kila dakika moja mwendo unapanda nusu kilomita, na milio inakaribiana, mpaka mtu anaachwa. Kwa macho ni mashindano. Kwa mwalimu ni njia ya kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni bila maabara ya mamilioni, unahitaji koni, simu yenye chaji na spika. Na hapo hapo ndo tulipofundishwa jambo ambalo limekaa kichwani mwangu kuliko yote, kwamba yule aliyetoka wa kwanza kabisa ndo mwanafunzi wako wa muhimu siku hiyo. Mwenye mapafu makubwa atakimbia hata usipokuwepo. Huyu wa kwanza kutoka, ameondoka amejifunza nini? Amejifunza kwamba ana kiwango chake na anaweza kukipandisha, au amejifunza kwamba michezo ni mahali pa kuaibishwa mbele ya watu?

Na hapa ndo nafika kwenye kile ninachotaka kusema hasa. Kocha anachagua. Ana wachezaji ishirini na kitu, wanaanza kumi na moja, wengine benchi, asiyeweza anaachwa, na hakuna anayemlaumu, ndo kazi. Mwalimu hachagui. Analetewa darasa lote, mrefu, mfupi, mnene, mwenye pumu, anayeona kwa jicho moja, ambaye hajanywa chai asubuhi, binti aliyeko kwenye siku zake, na wote ni wa kwake na wote wako ndani ya uwanja toka dakika ya kwanza. Hana benchi. Kozi yetu inakufundisha kazi zote mbili ndani ya miaka mitatu, na mtu asipozitenganisha kichwani atakuja kuwa kocha katikati ya darasa, ambayo kwa mtazamo wangu ndo ugonjwa mkubwa wa vipindi vya michezo nchini kwetu.

Mwaka wa pili tulipewa zoezi moja. Nendeni shule ya jirani, kaeni pembeni ya kipindi cha michezo, kila mmoja achague mtoto mmoja tu, asiwe hodari asiwe mtundu, wa katikati, halafu shikeni saa. Akiwa anacheza kweli, anakimbia, anarusha, anadaka, saa iende. Akiwa amesimama foleni au anasikiliza maelezo au anafuata mpira uliotoka, saa isimame. Mi nikamchukua binti mmoja mwembamba aliyevua viatu akavipanga ukutani vizuri, kisigino kwa kisigino, kabla hajaja mstarini. Kipindi ni dakika 40. Wakatoka darasani, wakapanga mistari, mwalimu akaeleza pasi ya kifua akaonesha vizuri tu, akagawa foleni nne, kila foleni mpira mmoja, watoto kumi na zaidi kila foleni. Yule binti akawa anasogea, anasogea, anapata mpira, anapiga pasi moja, anarudi nyuma. Nidhamu ilikuwa nzuri, filimbi inasikika, ukipita barabarani ungesema kipindi kimependeza. Saa yangu ilisoma dakika nne na sekunde kidogo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kutumia mwili kwa nguvu ya kati au kubwa. Mtoto wa kijijini Muheza anayetembea kwenda shule na kuchota maji labda anazipata. Mtoto wa mjini anayepelekwa na bodaboda, anakaa darasani mpaka jioni, jioni tuisheni, usiku simu ya mama, huyo dakika zake nne za foleni ndo mchezo wake wa wiki. Nasema hili kwa uchungu maana nalijua darasa la watu wengi na mipira michache, nimefundisha hivo, ila foleni haisababishwi na uchache wa mipira peke yake. Inasababishwa pia na kutojua kwamba kuna namna nyingine.

TP yangu, yani mazoezi ya kufundisha, nilifanyia hapa hapa Tanga, shule ya kata, na darasa moja lilikuwa na watoto waliojaa uwanja. Mipira ya maana ilikuwa miwili na mmoja unahitaji kujazwa upepo kila asubuhi. Nikafikiri, hawa watoto wakiwa peke yao wakati wa mapumziko wanacheza nini? Wanacheza rede. Kwa asiyejua, rede ni wawili wamesimama pande mbili wanarushiana mpira wa soksi, na katikati kuna mtu anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akipigwa katoka, akijaza akaumwaga kashinda. Hebu iangalie rede kwa jicho la mwalimu. Anayerusha anajifunza kulenga kitu kinachotembea. Wa upande wa pili anajifunza kudaka na kurusha haraka kabla mtu hajajipanga. Wa katikati anainama, anainuka, anabadilisha uelekeo, anageuza shingo, na kila sekunde anaamua, nijaze au nikwepe. Yani wepesi, uwiano na maamuzi, vyote vimo, na vifaa ni soksi kuukuu na chupa ya maji.

Kwa hiyo nikagawa uwanja kwa majivu, viboksi vingi vidogo, kila kiboksi watoto watano, watatu ndani ya mchezo wanazunguka nafasi na wawili pembeni wanaruka kamba za katani huku wanasubiri, na kamba za katani Tanga hutokosa, mkonge umekuwepo kwetu toka 1893. Mipira ya soksi walitengeneza wenyewe kama kazi ya nyumbani. Vipindi vya mwanzo tuliacha rede iwe rede. Halafu nikaanza kubadilisha sheria kidogo kidogo, mrushaji haruhusiwi kutembea na mpira, haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, lazima apokee hewani, na aliyesimama mbele yake amwachie nafasi ya hatua moja ndefu. Wiki si nyingi wakawa wanacheza mpira wa pete bila mimi kuwahi kusimama nikasoma sheria za mpira wa pete. Mwalimu wetu kutoka chuo alipokuja kunikagua alisimama kimya muda mrefu, akaniita pembeni akaniuliza, mbona sioni foleni?

Hili sijalibuni mimi. Kuna walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough Uingereza, Bunker na Thorpe, 1982 waliandika kwamba tunawafundisha watoto ufundi mmoja mmoja, pasi, kudhibiti, kupiga, halafu tukiwaingiza kwenye mechi hawajui wautumie lini. Wakasema geuza, anza na mchezo wenyewe uliopunguzwa ukubwa, mtoto aone tatizo, akikwama ndo umpe ufundi anaouhitaji, kisha arudi mchezoni. Nilivyosoma hilo chuoni niliwaza watoto wa Makorora na chandimu yao, wanavyopanga goli za matofali, wanavyojadiliana sheria mpaka na mtu mfupi anapata nafasi yake. Kitu kipo mtaani, kazi ya mwalimu ni kukitambua, kukipanga na kuhakikisha hamna anayeachwa nje.

Na namna ya kujifunza stadi, nimesema nitalirudia. Ukimpa binti apige mashuti ya pete ishirini mfululizo sehemu moja, ataonekana amepata haraka na wewe utafurahi. Ukimchanganyia, moja huku, moja kule, katikati pasi, katikati akabe, siku hiyo ataonekana mbovu. Ila wapime wote wawili wiki ijayo, mara nyingi aliyechanganyiwa ndo aliyebaki nacho, maana kila mara alilazimika kufikiri upya. Watu wengi wa kandokando ya uwanja hawaamini, wanataka kuona kitu kinanyooka leo leo. Na kusifia pia kunafundishwa. Ukimwambia mtoto safi, safi, safi, umempa moyo ila hujampa habari. Mwambie kiganja chako kimemalizia juu, ndo maana umeingia, rudia hivo hivo. Maneno machache, jambo moja, halafu mwache afanye.

Sasa upande wa kuchagua, maana UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zipo na mwalimu wa michezo lazima atoe timu, shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mi nazipenda hizi michezo na watoto wengi wa mkoa huu wameonekana kupitia huko. Ila nataka kijana anayeenda kusoma hii kozi ajue kitu kimoja kuhusu miili ya watoto, wasichana kwa wastani wanaingia kasi yao kubwa ya kurefuka karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na ni wastani tu, kwa hiyo ukipanga wavulana wa miaka 13 mstari mmoja utamkuta mmoja ana ndevu zinachungulia na mwingine bado ni mtoto kabisa, na wote wana umri ule ule kwa cheti halali cha kuzaliwa. Nani atachaguliwa? Mkubwa, kila siku mkubwa. Anapewa jezi, anapewa mechi, anapewa mwalimu, na yule mdogo ambaye pengine ana akili ya mpira kumzidi anarudishwa nyumbani, na miaka miwili baadaye akiwa amerefuka ameshaacha. Tunapoteza wachezaji hapo, na tunawapoteza kimya kimya maana hakuna rekodi ya mtu ambaye hakuchaguliwa.

Halafu wale waliochaguliwa nao tunawachosha. Kuna mzee jirani yetu, siku moja napita namsalimia shikamoo babu, akaitika marahaba akaniambia kaa hapa binti, wewe si umesomea miili. Mjukuu wake ana miaka 13, analalamika goti, kuna uvimbe mgumu chini kidogo ya goti, akipiga mpira panauma akipumzika panatulia, na huko timuni wanamwambia anadeka. Babu kashampeleka kukandwa maji ya moto na kuchuliwa. Nikamwita kijana, nikamwambia nioneshe kwa kidole kimoja panapouma, akaweka kidole pale pale mfupa unapojitokeza. Nikamweleza babu kwamba kwa mtoto anayerefuka haraka mfupa hutangulia, misuli ya paja la mbele inabaki imekaza, na kila akiruka au kupiga shuti inavuta kwenye ile sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini inakua, ndo inavimba. Ni kitu kinachojulikana na mara nyingi kinaisha ukuaji ukitulia, ila aende hospitali athibitishwe kwanza, na kama ndo chenyewe apunguziwe kuruka na kukimbia, anyooshe paja taratibu, asichuliwe. Babu akaniuliza, kwa hiyo hadeki? Nikamwambia hadeki babu. Akamgeukia mjukuu akamwambia nisamehe bwana. Kama ningekuwa nimesomea kingine kabisa nisingekuwa na la kumwambia yule mzee, na yule kijana angeendelea kuitwa mdekaji.

Hilo la kukanda maji ya moto nalisisitiza maana kwenye ndondo zetu, mechi za mtaani, linafanyika kila Jumapili. Kifundo kimeteguka sasa hivi, ndani damu inavuja, ukiweka moto na kuchua unaongeza uvimbe. Saa za mwanzo ni kupumzisha, kufunga kwa bandeji ya wastani, kunyanyua mguu juu, kitu cha baridi kupunguza maumivu, na kama hawezi kukanyaga hatua nne apelekwe hospitali ya Bombo kupigwa picha. Na kabla ya hayo yote kuna kuzuia. Kuna programu ya kupasha misuli ya FIFA inaitwa 11+, inachukua kama dakika 20, kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu na uwiano na kuruka, kisha kukimbia kwa kasi kidogo, haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Utafiti uliofanyika Norway kwa mabinti wanaocheza soka, ukachapishwa 2008, ulikuta walioifanya waliumia pungufu kwa karibu theluthi. Theluthi nzima, kwa dakika 20 za bure! Timu ngapi za Tanga zinaifanya?

Nije kwa mabinti maana ndo roho yangu ilipo. Mi navaa trakisuti na ushungi wangu na nafundisha, na nimeona watoto wa kike wa mji huu wakicheza mpaka darasa la tano la sita halafu wanapungua mmoja mmoja, wakifika form two wengi wamekaa chini ya mwarobaini wameshika vitabu vya wenzao. Ukiwauliza mmoja mmoja, faragha, sababu zinatoka. Sare ya michezo inawaonesha. Hamna pa kubadilishia nguo. Wavulana wanachungulia. Siku zake zimefika hana pedi. Karibu zote hizi mwalimu anaweza kuzifanyia kitu bila bajeti, ruhusu suruali na mikono mirefu na ushungi uliobanwa vizuri, tafuta chumba chenye komeo, weka pedi chache kwa mwalimu wa kike anayeaminika. Na mtu akikwambia ushungi hauruhusiwi mchezoni mwambie soka waliruhusu rasmi 2014 na kikapu 2017, kwa hiyo tusiwe wakali kuliko wenye michezo yao.

Na Ramadhani pia inafundishika. Nusu ya darasa au zaidi wamefunga, ukiwakimbiza saa sita mchana unawatesa, ukifuta vipindi mwezi mzima umewanyima. Mi nahamisha kipindi kiwe cha kwanza asubuhi, tunafanya stadi za mahali pamoja, kulenga, uwiano, kunyoosha, tunajifunza uamuzi na kuandika matokeo, siku nyingine tunacheza bao na kujadili mbinu, na bao ni mbinu tupu. Ambaye hajafunga anafanya hayo hayo na hakuna anayesimamishwa pembeni. Joto lenyewe la Tanga hata nje ya mfungo linataka adabu, miezi ya kaskazi hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Mtoto akianza kuyumba, kichwa kinamuuma, anaongea vitu havieleweki, usisubiri gari, kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kwanza apoe ndo asafirishwe. Hili nalo tumelisomea na kufanyia mtihani.

Kuhusu kazi, maana najua ndo unachotaka kuuliza. Digrii yenyewe inakufanya mwalimu, haikupi leseni ya kufundisha klabu. Ukitaka soka la ushindani utaanza ngazi za chini, leseni D ya CAF kupitia TFF, kisha C, B, A, na ulichosoma chuoni kitakusaidia sana kuelewa ila hutaruka ngazi. Michezo mingine ina kozi zake kwenye vyama vyake. Kama ufaulu wako hautoshi chuo kikuu kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza, na watu wazuri wametoka pale. Ajira za serikali foleni ni ndefu, sikufichi, na ukipangiwa shule unaweza ukajikuta unafundisha lile somo lako la pili kuliko michezo, ndo maana nasema lichague kwa akili. Ila mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeweka Sanaa na Michezo kama somo shule za msingi, sekondari kuna mkondo wa amali ambao michezo imo, na AFCON ya 2027 inakuja nyumbani kwetu pamoja na Kenya na Uganda. Simbu ametuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025. Watu wanaongea michezo kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na somo likishakuwa kwenye ratiba linahitaji mtu anayejua kulifundisha.

Kocha au mwalimu, basi? Mi nafanya vyote, jioni nina timu ya pete na huko nachagua na naacha watu na naumia nikiacha mtu. Asubuhi nina darasa na nimekataza mtu yeyote kuitwa hajui kucheza. Ukiona moyo wako unakwenda zaidi kwa yule aliyetoka wa kwanza kwenye jaribio la mlio kuliko aliyebaki wa mwisho, jaza fomu, kozi hii ni yako. Kama unawaza benchi la ufundi uwanja wa Mkwakwani tu, hamna ubaya wowote, njia ya leseni itakufikisha mapema zaidi na bila kulipa ada ya miaka mitatu.

Na ukichaguliwa njoo nyumbani kabla hujaondoka, notisi zangu za anatomia na fiziolojia bado ninazo na zina michoro mizuri. Za biomekaniki nimeshampa binti mmoja wa Chumbageni anayeanza mwaka huu, mtakutana huko huko muombane.